Mwalimu Anajibu: "Tajiri Wangu Aliniuzia Unga Wake kwa Shilingi Mia"

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mpishi hapa Kileleshwa, kwetu ni Kakamega. Matajiri wangu ni Wayahudi, na ni watu wazuri. Kila mwaka ikikaribia Pasaka yao, nyumba hupinduliwa juu chini. Mwaka huu tulitoa kila kitu makabatini, tukakung'uta tosta, tukafyonza vumbi hadi kwenye viti vya gari ambako watoto hudondosha biskuti. Mama alimwaga maji yanayotokota kwenye sinki, na oveni ikawashwa kwa moto wa mwisho hadi nikaogopa. Halafu mzee, baba yake mama, akaniita mezani. Aliandika karatasi kwamba ananiuzia unga wa ngano, tambi, Weetabix, bia na chupa mbili za wiski, vyote vimo katika kabati moja la stoo. Nikatoa shilingi mia, kabati likafungwa. Siku nane zilipokwisha akavinunua tena kwa mia na hamsini.

Usiku wa sikukuu nikipakua chakula niliona mengine. Mtoto mdogo kuliko wote aliimba maswali. Watu wazima waliegemea mito upande mmoja. Walichovya kidole kwenye divai wakadondoshea sahani. Na baba mwenye nyumba huniambia yeye si mtu wa dini, hata nyama ya nguruwe huila hotelini. Mambo haya ni ya zamani za Farao, yameandikwa kwenye Biblia, hata mimi nimeyasoma. Si mtu asome tu akumbuke? Kwa nini wajisumbue hivi? — Mpishi, Kileleshwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe tongotongo kuhusu lile kabati. Kwa siku nane wewe ndiwe uliyekuwa mwenye mali. Ungetaka, ungekuja na kikapu ukabeba wiski yako, na mzee asingekuwa na la kusema. Sheria ya Kiyahudi inataka mauzo hayo yawe mauzo kweli, ndiyo maana pakawa na karatasi, fedha na kufuli. Torati haikuishia kukataza kula chachu, yaani vyakula na vinywaji vya nafaka iliyoumuka, wakati wa Pasaka. Kutoka 12 na 13 zinasema isipatikane nyumbani wala isionekane. Sasa mtu mwenye ghala la nafaka afanyeje? Kule Ulaya Mashariki, karne ya 16 na ya 17, Wayahudi wengi waliishi kwa kutengeneza na kuuza pombe ya nafaka. Kuteketeza mali yote kila mwaka kungewafilisi, na hapo ndipo desturi ya kumuuzia jirani asiye Myahudi ilipoenea sana. Mimi naona kuna ujanja kidogo hapo, na marabi, wanazuoni wao wa sheria, nao hawakuacha kuujadili. Lakini ona ujanja wenyewe umeokoa nini: mfuko tu. Kazi ya mikono imebaki pale pale. Tosta mliikung'uta.

Chachu inayokatazwa hutokana na nafaka tano: ngano, shayiri na jamaa zake tatu. Maji yakishagusa unga, dakika 18 zikipita kabla haujaingia tanurini, tayari ni chachu. Waokaji wa matsa, ule mkate mkavu uliouona, hufanya kazi saa ikiwa ukutani mbele yao, na donge hutobolewa matundu lisije likaumuka. Mahindi hayamo katika zile tano. Hata hivyo kama matajiri wako walikukataza kusonga ugali wiki ile, basi asili yao ni Ulaya ya kati au ya mashariki, kwani Wayahudi wa huko, Waashkenazi, walijiongezea katazo la mahindi, mchele na maharage. Wale wa nchi za Kiarabu na wa pande za Hispania wengi wao hula wali na ugali wao bila wasiwasi. Wayahudi wa mwanzo kufika Nairobi, waliokuja tangu mwaka 1903 Waingereza walipopendekeza kuwapa ardhi ya Uasin Gishu, wengi walikuwa Waashkenazi. Jiwe la msingi la sinagogi lao liliwekwa 1912, na hadi leo sinagogi lipo pale University Way, hatua chache kutoka chuo kikuu. Nadhani kila mwanafunzi aliyewahi kukosa matatu amelipita kwa miguu.

Sasa swali lako lenyewe: mtu si asome tu? Swali hilo lina miaka mingi. Talmudi, kitabu kikuu cha mijadala ya marabi, inasema usiku ule mtoto ndiye amuulize baba. Asipokuwapo mwenye uwezo wa kuuliza, mke aulize. Mtu akiwa peke yake, ajiulize mwenyewe. Na hata wanazuoni wawili wanaozijua sheria zote za Pasaka, waulizane wao kwa wao. Hapo ndipo penye jibu lako. Ingekuwa shabaha ni kupata habari, wanazuoni wale wangesamehewa wakalale. Hawakusamehewa, kwa kuwa kinachotakiwa ni tendo la kusimulia, kinywa kwa sikio, kila mwaka, hata kama anayesimuliwa anaijua hadithi kuliko msimuliaji.

Mengi uliyoyaona mezani yamewekwa makusudi ili mtoto ashangae. Kwa nini tunachovya mboga kwenye maji ya chumvi kabla ya chakula? Kwa nini tumelalia mito? (Hivyo ndivyo walivyokula watu huru wa Roma; mtumwa hakuegemea.) Rabi Akiva, mmoja wa wakubwa wa karne ya 2, alikuwa akiwagawia watoto nafaka za kukaanga na njugu jioni ile wasije wakasinzia kabla ya kuuliza. Nimefundisha dini na historia katika shule za Nairobi tangu ujana wangu hadi kustaafu, na nakwambia hakuna silabasi niliyopewa iliyojali kiasi hicho kama mtoto wa nyuma amelala.

Torati yenyewe inarudia mara nne kwamba mtoto atauliza au ataelezwa, mara tatu katika Kutoka na mara moja katika Kumbukumbu la Torati 6. Marabi wakatunga humo watoto wanne: mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na yule asiyejua hata kuuliza. Huyo mwovu huuliza, "Kazi hii ina maana gani kwenu?" Kwenu, yaani yeye hayumo. Hujibiwa kwa ukali, kwamba angekuwako Misri asingekombolewa. Baba mwenye nyumba wako, mla nguruwe, bila shaka kila mwaka husikia sauti yake mwenyewe katika maneno ya huyu wa pili. Lakini kitabu cha usiku ule, Hagada, kimemwekea mwovu kiti mezani. Analaumiwa akiwa na sahani mbele yake. Watu waliotunga ibada hii walijua kwamba asiyeamini naye atakuja kula, na walitaka aje.

Kisha kuna mwili. Nina hakika wewe ndiwe uliyekuna ule mzizi mweupe, jamaa ya haradali, na macho yakakutoka machozi jikoni. Ule ni mboga chungu, kwa ajili ya maisha yaliyotiwa uchungu utumwani. Ile rojo ya tofaa, njugu, mdalasini na divai, haroseti, ni udongo wa kufyatulia matofali ya Farao, ingawa ni tamu. Utamu huo nao una maelezo yake kumi na mawili, tuyaache. Maji ya chumvi ni machozi. Yale matone ya divai ni mapigo kumi, na wengi huyaeleza hivi: kikombe cha furaha hakijai pale watu wengine walipokufa, hata kama walikuwa adui. Miaka ya themanini mwalimu mwenzangu alinialika karamuni kwao Hurlingham. Mimi binti wa Kiislamu kutoka Mombasa nikajitia kijiko kizima cha ule mzizi, nikidhani ni kachumbari. Sikuweza kusema kwa muda. Mama mkwe wake akanitazama, akasema kwa Kiswahili safi cha bara, "Sasa umetoka Misri."

Alikuwa akitania, ila utani wake ulikuwa ndani ya sheria. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika karibu mwaka 200, inasema katika kila kizazi mtu lazima ajione kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri. Haisemi awakumbuke waliotoka. Ajione yeye. Kwa hiyo anayesimulia husema "tulikuwa watumwa", na huyasema hayo huku ulimi unawaka. Ukisoma kitabu unabaki msomaji. Ukishatafuna umekuwa shahidi, hata kama jambo lenyewe hukuliona. Sisi Waislamu hatuna haja ya kuelezwa sana hapa. Anayekwenda mbio baina ya Safa na Marwa, vile vilima vya Makka, anatumia miguu yake mwenyewe kumtafutia maji mtoto wa Bi Hajara.

Labda utaniuliza, na je, jambo lenyewe lilitokea? Wachimbaji wa mambo ya kale hawajapata maandishi ya Misri yanayosimulia kutoka kwa Waisraeli. Jina la Israeli linaonekana katika jiwe la Farao Merneptah, la karibu mwaka 1208 kabla ya Kristo, na hapo wanatajwa kama watu walioko tayari Kanaani. Wanahistoria wanabishana, na waendelee. Hagada haikungojea wamalize. Hata Musa, ambaye katika kitabu cha Kutoka ndiye yuko kila ukurasa, katika Hagada ya kawaida anapita mara moja tu, tena ndani ya aya iliyonukuliwa kwa sababu nyingine. Mwanahistoria Myahudi Yosef Hayim Yerushalmi, wa Chuo Kikuu cha Columbia, alionyesha mwaka 1982 jambo ambalo liliwaudhi baadhi ya wenzake: kwa karne nyingi Wayahudi, watu walioamriwa kukumbuka kuliko wengine, hawakuandika vitabu vingi vya historia. Hawakuvihitaji sana. Walikuwa na kalenda na ibada.

Na tendo hudumu kuliko maelezo yake. Huu ndio ushahidi mkubwa kuliko yote nitakaokupa. Mwaka 1497 Wayahudi wa Ureno walilazimishwa kuwa Wakristo, na baadaye Baraza la Uchunguzi la kanisa likawasaka wale waliokuwa wakijificha. Katika mji mdogo wa Belmonte, mashariki ya nchi hiyo, familia fulani zilienda kanisani Jumapili kama kawaida, lakini Ijumaa jioni mama alikuwa akiwasha taa na kuificha isionekane dirishani. Matsa waliioka siku chache baada ya tarehe ya Pasaka, kwa sababu tarehe yenyewe wapelelezi waliijua. Ilipofika karne ya 20, mhandisi wa migodi kutoka Poland, Samuel Schwarz, Myahudi, akafika huko akawatambua. Wao hawakumwamini. Vitabu hawakuwa navyo tena, Kiebrania kilikuwa kimewatoka, na walidhani wao ndio Wayahudi wa mwisho duniani. Akawasomea tamko kuu la imani yao, "Sikia, Ee Israeli". Alipofika kwenye neno Adonai, yaani Bwana, bibi mmoja mzee akafunika macho kwa mikono. Neno hilo walikuwa wamelihifadhi. Miaka mia nne! Na waliolivusha, kumbuka, walikuwa wanawake wa jikoni, kwa sababu ibada yenyewe ilikuwa imehamia jikoni, mahali ambapo mpelelezi hana kazi.

Hapa jirani pia upo mfano. Semei Kakungulu, yule kiongozi wa Kiganda, aliisoma Biblia ya wamisionari akaona amri ya tohara iko wazi na hakuna anayeitii. Mwaka 1919 akajitahiri, akawatahiri na wanawe. Wafuasi wake, Abayudaya (yaani Wayahudi, kwa Kiganda) wa karibu na Mbale, walipigwa marufuku na Idi Amin miaka ya sabini, wengi wakaacha, na wachache wakaendelea nyumbani kwa siri hadi alipong'olewa 1979. Sinagogi unaweza kulitia kufuli. Chakula cha Ijumaa usiku ni kazi ngumu kukitia kufuli.

Ila nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Kumbukumbu ya amri si nuru tupu. Katika Kumbukumbu la Torati 25 wanaamriwa wakumbuke alivyowatenda Amaleki, taifa lililowashambulia walipotoka Misri, njiani, wafute kumbukumbu lake, tena wasisahau. Kifungu hicho husomwa kwa sauti kila mwaka Sabato iliyo kabla ya Purimu, sikukuu ya kisa cha Esta, na siku yenyewe ya Purimu watoto hupiga kelele na njuga kila likitajwa jina la Hamani, adui aliyetaka kuwaangamiza katika kisa hicho, ambaye kwa mapokeo ni wa ukoo wa Amaleki. Watoto hufurahi sana. Lakini ibada inayoweza kumtia mtu uchungu wa miaka elfu tatu inaweza pia kumtia chuki ya miaka elfu tatu, na wapo katika kila zama waliomtafuta Amaleki kwa jirani wa leo. Marabi waliliona hilo mapema. Waliandika kwamba mataifa ya kale yamechanganyika, na hakuna awezaye kumnyooshea mtu kidole. Wanaosoma wanajua. Wasiosoma ndio wa kuogopa.

Kwa upande wa pili, Torati inapotaka kumtetea mnyonge, haraka haraka inamkumbusha mtu Misri. Usimwonee mgeni, kwa kuwa mlikuwa wageni. Mjane usitwae nguo yake kuwa rehani, kumbuka ulikuwa mtumwa. Na hapa, mwanangu, ndipo penye faida yako. Fungua Kumbukumbu la Torati 5, ile orodha ya Amri Kumi. Katika Kutoka, Sabato ni kwa ajili ya kuumbwa ulimwengu. Katika Kumbukumbu la Torati sababu imebadilika: mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe, ukumbuke ya kuwa ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Hukuniambia Jumamosi unafanya nini. Kama unasimama jikoni tangu asubuhi mpaka usiku, na siku nyingine ya mapumziko hupewi, mwendee yule mzee wa karatasi, siyo baba mla nguruwe. Mpe shikamoo, mwambie Mwalimu amesema kifungu cha 14 na cha 15. Atacheka, halafu atapanga zamu upya. Mtu aliyeona haya kubaki na kopo la bia bila kukuuzia hawezi kukikana kifungu hicho.

SWALI: Mwalimu, kanisa letu hapa Kayole limebadilika. Mchungaji anavaa shali yenye vishada, anapuliza pembe, na mwezi wa nne tulifanyiwa "Pasaka ya Kiyahudi" kwa kiingilio cha shilingi mia tano. Tuliambiwa atakayeshika vishada mlango wa biashara yake utafunguka. Mimi nauza mitumba, nilishika kwa mikono miwili. Hakuna kilichofunguka. — Mama Mitumba, Kayole

JIBU: Dada yangu, pole. Soma Hesabu 15, kuanzia mstari wa 37. Vishada vimeelezwa kazi yake hapo hapo: mvitazame, mzikumbuke amri za Bwana na kuzifanya, msifuate macho yenu na mioyo yenu. Biashara haimo. Tena ukifuata kifungu hicho barabara, kishada kingekuzuia: unataka kumpunja mteja, unakiona, unaona haya. Mfasiri mkubwa wa Ufaransa wa karne ya 11, Rashi, alipiga hesabu ya herufi za jina la vishada kwa Kiebrania akapata 600, akajumlisha nyuzi nane na mafundo matano, ikawa 613, idadi ya amri zote kwa mapokeo yao. Ndiyo kazi yake, ni daftari la kuvaa. Uzi wa samawi uliotajwa mle wengi wao hawanao hata leo, kwa sababu ujuzi wa kupata rangi ile ulipotea kwa karne nyingi. Wakaendelea na nyeupe tupu kuliko kubahatisha.

Pembe ni ya kondoo dume, na wakati wake mkuu ni mwaka mpya wao, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Katika masinagogi mengi husikika milio mia moja. Wanamkumbuka kondoo aliyechinjwa badala ya Isaka. Maimonide, tabibu na mwanasheria aliyefariki Misri mwaka 1204, alisema ni amri ambayo hatukupewa sababu yake, lakini ndani yake mna kengele ya kuwaamsha walalao wakayachunguze matendo yao. Hakuiwaza kama kengele ya duka.

Je, ni dhambi kwenu kufanya haya? Hilo muulize askofu wako, mimi si wa kanisa. Kwa upande wa Wayahudi, amri hizi ni deni la walio katika agano lile; asiye Myahudi, kwa mafundisho yao, ana amri saba za Nuhu, na akizishika inamtosha. Mgeni anayealikwa kwenye meza yao hukaribishwa. Mgeni anayefungua meza ya namna ile kwake na kuuza tiketi ndiye anayewakera, na nawaelewa. Mtu hawezi kukodisha kumbukumbu ya mwenzake kwa mia tano. Dai pesa yako, dada, ingawa najua hutarudishiwa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa plasta, Kasarani. Nilipata kazi kwenye nyumba mpya Runda. Mteja akanionyesha ukuta mkabala na mlango wa mbele, akachora mraba kama wa nusu mita, akasema hapo nisipige plasta wala mwenzangu asipake rangi. Nilidhani pesa zimemwishia. Akasema ni kumbukumbu ya Hekalu. Hekalu gani liko Runda? — Fundi, Kasarani

JIBU: Marahaba. Hekalu la Yerusalemu, fundi. La kwanza lilibomolewa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo, la pili na Warumi mwaka 70, na hakuna jingine lililojengwa tangu hapo. Mraba wako una asili ya kupendeza. Talmudi inasimulia kwamba baada ya maangamizi ya pili, baadhi ya watu waliapa wasile nyama wala kunywa divai. Rabi Yehoshua akawauliza kwa nini. Wakasema: tule nyama, na zamani ilikuwa ikitolewa juu ya madhabahu? Tunywe divai, na zamani ilikuwa ikimiminwa pale? Akawaambia: basi na mkate tuache, sadaka za unga zimekoma. Wakasema tutaishi kwa matunda. Akasema hata matunda, malimbuko yamekoma. Tutakula matunda mengine. Basi na maji tuache, kwa kuwa maji nayo yalimiminwa. Wakanyamaza. Ndipo akawaambia wanangu, kutoomboleza kabisa haiwezekani, na kuomboleza kupita kiasi haiwezekani. Hivyo mtu apige plasta nyumba yake, aache sehemu ndogo. Aandae karamu, apunguze kitu kimoja. Mwanamke ajipambe, abakize pambo moja bila kulivaa.

Waliokuja baadaye wakaiwekea sehemu hiyo kipimo: dhiraa kwa dhiraa, mkabala na mlango, ili anayeingia aione. Bwana arusi wao naye huvunja gilasi kwa mguu siku ya harusi kwa sababu hiyo hiyo. Mimi katika ibada zao zote hii ya ukuta ndiyo ninayoipenda, kwa sababu haimnyimi mtu nyumba. Siku hizi familia nyingi hazifanyi hivi, wengine hutundika picha tu ya Yerusalemu, kwa hiyo mteja wako ni mtu makini. Mpe kazi ya makini. Piga kingo za mraba kwa pima-maji na rula, pembe nne zikae sawasawa, isionekane kama fundi alikimbia kazi. Tofali za ndani zipigwe brashi zitoke mchanga uliolegea. Na bei iwe ya ukuta mzima, maana hizo kingo zina kazi kuliko plasta uliyoiacha.